Ukuta na Hifadhi

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Hawakubainisha, hata hivyo, mila huachwa lini: ni pale umbo lake linapogeuka, au pale kusudi lake linapotupwa?

Katika mji wa kale wa Lamu swali hilo limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Desturi ya waungwana wenye nyumba za mawe ilikuwa kwamba binti haondoki kwao anapoolewa. Mume ndiye amfuataye. Baba mwenye uwezo alimjengea ghorofa juu ya nyumba yake, na palipokosekana nafasi, chumba kilivushwa juu ya kichochoro, kikaitwa wikio. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Idadi ya vyumba iliamuliwa na haja ya watu. Hivyo nyumba yenyewe ilibadilika ili binti asihame.

Siku hizi vijana wengi wamehamia Mombasa na ng'ambo, na mirathi huweza kuigawa nyumba moja kwa warithi wengi, asipatikane wa kugharimia dari inayobomoka. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huo katika Urithi wa Dunia. Wageni nao wamenunua nyumba kadhaa. Basi ndugu atakaye kuuza huitwa msaliti, na akataaye huitwa mkaidi.

Lakini ugomvi huo huelekea kumsahau aliyejengewa. Ghorofa ile ilikusudiwa kumpa mwanamke pa kusimama, hata akiachwa, hata akifiwa. Ndugu wakiilinda nyumba kwa maneno, huku dada yao akilala chini ya boriti zilizooza, wamehifadhi ukuta na kuitupa mila. Wakiuza, wakagawana, naye akaishia chumba cha kupanga, wameipoteza mila pamoja na ukuta. Ila wakiuza kwa kukosa budi, wakamnunulia kwanza nyumba ya matofali iliyo kwa jina lake, watakuwa wameivusha mila, japo kwa hasara.

Hasara hiyo si ndogo. Wikio huunganisha majirani, na ujirani hauuziki wala haununuliki. Ndiyo maana kuuza hakufai kuwa shauri la kwanza. Ila familia isipimwe kwa miaka ya kuta zake. Na ipimwe kwa hali ya yule aliye mnyonge zaidi ndani yake, baada ya mabadiliko kupita.