Watazamaji Wako Wapi?

Mwezi wa Mei 2016 Serikali ilipiga marufuku picha ya wimbo uitwao “Chura”, ikamzuia na mwimbaji wake, Snura, asifanye maonyesho ya hadhara mpaka ajiandikishe katika Baraza la Sanaa la Taifa. Ilisemwa kwamba picha ile yamdhalilisha mwanamke. Februari 2018 vituo vya redio na televisheni navyo vikakatazwa kupiga nyimbo nyingine zaidi ya kumi. Hatusemi kwamba wenye mamlaka walikosa. Lakini katika shauri la “Chura” mwanamke alitajwa jina na kuadhibiwa. Wale waliokuwa wakimtazama, mbona hawakutajwa?

Mt. Yohane atusimulia habari za mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana wetu kwa kufumaniwa katika uzinzi. Mtu hazini peke yake. Hata hivyo mwanamume hakuletwa. Naye Yesu Kristu, alipofundisha mlimani juu ya tamaa, hakuanza na vazi la mwanamke wala mwendo wake. Alianza na jicho la mwanamume. Fundisho hilo twalisikia kanisani, kisha twatoka nje na kuwalaumu mabinti.

Ndugu zetu wa Temeke wasidhani twailaumu ngoma. Kwa Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, mwali hufundwa ndani na kungwi. Kiuno kilichezwa huko, mbele ya wanawake, kwa ajili ya ndoa, na mwanamume hakukanyaga. Kiuno kilikuwa na nyumba yake. Siku hizi mlango umevunjwa, na lililokuwa fundisho limekuwa bidhaa. Tazameni picha hizo zilivyopigwa: mwimbaji mwanamume amevaa nguo kamili na miwani, aonyeshwa uso, ana jina na maneno ya kusema. Wasichana walio nyuma yake huonyeshwa nyonga na mapaja, na mara nyingi hata uso hawapewi. Nani awezaye kumheshimu mtu asiye na uso?

Bidhaa haikosi wanunuzi. Mtandao wa YouTube huhesabu kila mara picha itazamwapo, na matangazo ya biashara hufuata hesabu hiyo, na fedha hufuata matangazo. Baba wa familia ajifungiaye usiku na simu yake hudhani hakutoa hata senti. Kumbe jicho lake limekwisha kuhesabiwa. Hali kadhalika kinyozi wa Kinondoni awashaye picha hizo mchana kutwa hufanya hivyo kwa kuwa wateja wake, watu wazima wenye mabinti, hukaa kimya wakiangalia. Mtoto angojaye kunyolewa naye anajifunza mwanamke ni kitu gani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya habari, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwakumbusha watazamaji kwamba wana wajibu wa kuchagua, na wazazi kwamba yawapasa kulinda nyumba zao. Wakati ule Tanganyika haikuwa bado na televisheni hata moja! Na zamani sana kabla ya hapo, Ayubu alifanya agano na macho yake asimtazame msichana kwa tamaa. Hakuwawekea sheria wasichana wa nchi yake. Aliyawekea macho yake mwenyewe.

Nasi Wakatoliki tusijitenge na habari hii. Katika sherehe za Komunyo ya Kwanza muziki huohuo hupigwa jioni, na kitoto cha kike, kingali na gauni jeupe la asubuhi, husukumwa katikati ya duara kitikise kiuno, huku wajomba wakikitupia noti na kushangilia. Mpiga muziki hakuja mwenyewe. Baba wa mtoto alimkodi, tena kwa fedha nyingi, na alipaye ana haki ya kuchagua nyimbo. Na amwambie siku ile anapotoa malipo ya kwanza, kabla spika hazijashushwa uani.