Treni Isiyongoja Kujaa

Andiko: Mathayo 18:12-14; Luka 16:10

Wengi wenu mmeshatumiwa ile hadithi kwenye simu, ya kituo kidogo cha treni huko Japani kilichobaki wazi kwa ajili ya msichana mmoja wa shule. Sisi wahubiri tumeipenda sana. Leo hebu tuitazame polepole, kwa sababu ilivyosambazwa sivyo mambo yalivyokuwa hasa. Na mimi naona ule ukweli wenyewe una mahubiri makubwa kuliko hadithi.

Kituo kiliitwa Kyu-Shirataki. Kilikuwa kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwenye reli ya Sekihoku, mahali penye theluji nyingi na watu wachache. Usifikirie kituo kama cha Nairobi. Kilikuwa jukwaa fupi tu, na kibanda cha mbao cha kungojea treni. Hakuna karani wa tiketi, hakuna askari, hakuna geti. Kituo cha namna hiyo Wajapani hukiita mujin-eki, yaani kituo kisicho na mtu. Karibu nusu ya vituo vya reli nchini humo viko hivyo.

Sasa utauliza, nauli inalipwaje? Kwenye reli nyingi za mashambani kule, dereva yuko peke yake. Unapanda kwa mlango wa nyuma na kuchukua kikaratasi chenye namba ya kituo ulichopandia. Ukikaribia kushuka, unatazama ubao wa mbele uone namba yako inalipa ngapi, unatia pesa pamoja na kikaratasi kwenye kisanduku kilicho kando ya dereva, unashuka. Basi. Kituo hakina mtu, lakini kazi yake inafanyika.

Hadithi ilisema ati kampuni iligundua abiria amebaki mmoja, ikaonea huruma, ikaacha kufunga kituo mpaka amalize shule. Wengine hata walitaja kituo kingine, Kami-Shirataki, ambacho kilikuwa jirani. Ukweli ni kwamba kampuni ya JR Hokkaido iliamua kuvifunga vituo hivyo kwa sababu abiria walikuwa wachache mno. Ni kweli kulikuwa na mwanafunzi aliyepandia Kyu-Shirataki kwenda shule, lakini ndani ya treni alikuta abiria wengine. Kyu-Shirataki na majirani wake wawili, Kami-Shirataki na Shimo-Shirataki, vilifungwa tarehe 26 Machi 2016, siku ratiba mpya ya treni ilipoanza. Mwezi wa Machi ndio mwaka wa shule huisha Japani, na yule msichana alikuwa amemaliza masomo.

Kumbe hakukuwa na muujiza wa huruma? Mpendwa, ngoja kidogo. Uliza ni nini kilichomfikisha shuleni miaka yote hiyo. Ni ratiba. Treni ilisimama kwa sababu iliandikwa kwamba itasimama. Dereva hakuhesabu kwanza vichwa vilivyo jukwaani. Asubuhi ya theluji ilisimama, na asubuhi ya jua ilisimama.

Sisi tumezoea matatu. Makanga anaita "mmoja twende!" na ukichungulia ndani unakuta viti sita bado viko wazi. Kwa matatu, mmoja ni yule anayekuja kujaza gari. Kwa treni ya Kyu-Shirataki, mmoja alitosha gari lisimame.

Mimi nilisomea biashara, na hesabu sizidharau. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 2016, JR Hokkaido ilitangaza kwamba haiwezi kuendelea kuzitunza peke yake karibu nusu ya reli zake. Hayo ni mambo ya kweli ya pesa, na Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kuhusu mtu anayeketi kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Hesabu inaweza kuamua kituo kifungwe lini. Lakini maadamu kituo kiko kwenye ratiba, hesabu haimpi dereva ruhusa ya kupita bila kusimama.

Hapo ndipo Neno linatugusa. Mwezi ujao wazee wa kanisa watakaa kujadili kama ushirika mdogo wa nyumbani uunganishwe na mwingine. Huenda ikawa sawa kabisa. Lakini kuna mambo yanayoendelea sasa hivi ambayo hayahitaji kikao. Jumatano mvua inanyesha, kiongozi anaona watakuwa watatu tu, anaandika kwenye WhatsApp: "Tumeahirisha, Mungu awabariki." Na kuna mama mjane ambaye hana hiyo WhatsApp. Ameshatoka nyumbani na Biblia yake ndani ya karatasi ya plastiki. Anafika, mlango umefungwa. Wiki ijayo tunauliza, "Huyu mama siku hizi ako wapi?"

Mchungaji wa Mathayo 18 alikuwa na kondoo tisini na tisa salama. Kwa hesabu, hiyo ni asilimia tisini na tisa, na meneja yeyote angepongezwa. Lakini alienda mlimani kumtafuta mmoja. Tena Yesu anasema ndivyo Baba alivyo, hapendi hata mmoja wa wadogo hawa apotee. Rehema zake huja asubuhi baada ya asubuhi. Hazingoji tujae.

Kwa hivyo nawasihi viongozi mambo mawili. La kwanza, kama ushirika umetangazwa saa kumi na moja jioni, fungua mlango saa kumi na moja, hata kama ni wewe na mtu mmoja. Aliye mwaminifu katika dogo ndiye atakayeaminiwa kubwa. La pili, kama itabidi ushirika ufungwe, msiuache ufe kimyakimya. Waambieni watu mapema, ana kwa ana, na mumwonyeshe kila mmoja atakaa wapi na ni nani atamfuata nyumbani siku ya kwanza.

Na wewe uliye peke yako, unayengoja mahali ambapo hakuna mtu: kituo kisicho na mtu hakimaanishi umesahaulika. Mungu anakujua jina.

Tuombe: Baba, tusamehe pale tulipopenda umati kuliko mtu. Tupe miguu ya kufika tulipoahidi, saa tuliyoahidi. Kwa jina la Yesu, Amina.