Mji Uishio kwa Hadithi

Twaulizwa: watu wa mji wakipata riziki kwa hadithi ambayo kila mtu ajua kuwa haikutukia, je, riziki hiyo ni ya uwongo? Tutalipima suala hili kwa mji ulio mbali nasi, ili hamaki isituingie.

Forks ni mji wa watu wapatao 3,300 katika jimbo la Washington, magharibi kabisa ya Marekani, na mvua yake hupita inchi 100 kwa mwaka. Wenyeji waliishi kwa kukata magogo. Mwaka 1990 serikali ilipomtia bundi mmoja wa misitu hiyo katika orodha ya viumbe vya kuhifadhiwa, kazi hiyo ilizidi kudhoofika. Kisha mwaka 2005 bibi mmoja, Stephenie Meyer, akatoa kitabu *Twilight*, kisa cha msichana aliyependana na mnyonya damu. Aliuchagua mji huu kwa mvua yake tu, hali mwenyewe hajawahi kufika. Filamu ya mwaka 2008 nayo ilipigwa zaidi Oregon. Juu ya hayo wageni wakamiminika, wakaonyeshwa nyumba ya watu wasiopata kuzaliwa, na kila Septemba hufanywa tamasha.

Sisi hatuoni udanganyifu hapo. Uwongo ni kumfanya mtu asadiki lisilokuwa. Na mgeni huyu atoa fedha yake hali ajua. (Kama ni upuuzi, hiyo ni khabari nyingine.)

Lakini lipo la pili, nalo ndilo zito. Maili zipatazo 15 kutoka hapo, ufukweni La Push, wakaa Waquileute, kabila la watu walio hai. Masimulizi yao ya kale yasema asili yao ni mbwa-mwitu waliogeuzwa kuwa watu. Kitabu kikayapindua, kikawafanya vijana wao watu wageukao mbwa-mwitu. Mwenye duka la Forks afanya mzaha kwa jina la mji wake, kwa hiyari yake. Waquileute waliingizwa katika kisa kwa jina lao la kweli. Na sisi wa pwani, ambao sura zetu huuzwa katika kadi na watu wasiotujua, twaelewa uchungu wake.

Atasema mtu: nao wafaidika, wana nyumba za wageni ufukweni. Ni kweli, wala hatuwaonei kijicho. Ila faida haiondoi haki ya mtu kusimuliwa kama alivyo. Mwaka 1889, wao wakiwa mbali wakivuna mashamba ya watu, mlowezi aliyeitaka ardhi yao alizichoma nyumba 26 za kijiji hicho. Mgeni ajuaye siku ya kuzaliwa ya msichana wa kitabuni hulijua hilo? Hivi sasa bahari yawatishia, na sheria ya mwaka 2012 iliwapa ardhi ya mlimani; skuli yao ilihamia huko mwaka 2022. Aendaye Forks anunue fulana yake akitaka, kisha ashuke La Push akaulize khabari za skuli hiyo.