Kisima cha Msikitini na Kasoko ya Mwezini

Watu wa Tiwi, katika pwani ya Kwale nchini Kenya, huujua mwezi kwa maji ya bahari. Unapoandama, na tena unapotimia kumi na nne, huwa bamvua: maji hukupwa hadi mwamba ukabaki wazi, na akina mama na vijana hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza katika mashimo ya matumbawe. Siku za katikati ni maji mafu, na mwenye kutegemea mwambani hujua kwamba atavumilia. Mwezi hapa ni kalenda ya kitoweo na ya ibada, na sikumbuki kumsikia mzee yeyote akiuliza kuna nini juu ya uso wake.

Kuna mengi. Mwezi ukiwa wa siku nne au tano, ukilala upande wa machweo, tazama sehemu yake inayong'aa na utaona doa jeusi. Hiyo ni Bahari ya Rutuba. Haina maji; ni uwanda wa mawe yaliyoyeyuka zamani mno yakaganda. Chombo cha Kisovieti, Luna 16, kilitua huko Septemba 1970 na kurudi na gramu 101 za mchanga wake. Ndani ya uwanda huo, ukiwa na darubini, utapata kasoko ndogo ya mviringo, yenye upana wa kilomita 11 hivi. Ingewekwa huku kwetu ingeimeza Tiwi na kukaribia Ukunda, lakini kwa vipimo vya mwezi ni kidoti tu: jirani yake Langrenus ina upana wa kilomita zaidi ya 130. Ilichimbwa na jiwe lililotoka angani likagonga mara moja, wakati ambao hapakuwa na mtu wa kushuhudia.

Kasoko hiyo inaitwa Ibn Battuta.

Haikuitwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1651 padri mmoja wa Bologna, Giovanni Battista Riccioli, alichapisha ramani ya mwezi na kuyagawa mashimo yake kwa wanazuoni, wa kale na wa zama zake. Mpango wake ndio tunaoutumia hadi leo. Shimo kubwa la jirani lina jina la Goclenius, tabibu Mjerumani aliyefundisha Marburg. Mashimo madogo yaliyozunguka makubwa hayakuwa na majina yao wenyewe. Baadaye yalipewa jina la jirani mkubwa pamoja na herufi. Hiki kidoti chetu kikawa Goclenius A. Kwa muda mrefu hivyo ndivyo kilivyoandikwa, kama mtoto anayetambuliwa kwa jina la mwenye nyumba ambamo wazazi wake wamepanga. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioanzishwa mwaka 1919, ulichukua kazi ya kuidhinisha majina ya angani ili kila mtaalamu asije na lake. Vyombo vilipoanza kuuzunguka mwezi na kuupiga picha za karibu, ramani zikahitaji majina mengi zaidi, na mashimo mengi ya herufi yakapandishwa daraja. Mwaka 1976 Goclenius A ikawa Ibn Battuta, na Cyrillus B ikawa Ibn Rushd.

Masharti ya Umoja huo yana busara ambayo naiheshimu. Anayepewa jina sharti awe amefariki, na miaka isiyopungua mitatu iwe imepita. Awe mwanazuoni, mwanasayansi, msanii au mvumbuzi wa njia aliyeacha mchango mkubwa. Hakuna anayenunua, na aliye hai hawezi kujipigia debe. Ibn Battuta alitimiza yote hayo kwa karne sita. Alizaliwa Tanja, Moroko, mwaka 1304. Akatoka kwao mwaka 1325 akiwa na nia ya kuhiji, na hakutulia nyumbani ila baada ya kuona Misri, Sham, Uajemi, Bara Hindi, Maldivi na China.

Na alipita kwetu. Mwaka 1331, kwa pepo za kaskazi, alisafiri kutoka Mogadishu hadi Mombasa, akalala usiku mmoja, kisha akashika njia ya Kilwa. Hakuna njia ya baharini kutoka Mombasa kwenda Kilwa isiyopita mbele ya Tiwi, Diani na Msambweni. Labda jahazi lilipita usiku, labda yeye mwenyewe alikuwa amelala, labda nahodha alijiweka mbali na mwamba kama nahodha yeyote mwenye akili. Kuhusu pwani hii ya kusini hakuandika hata neno. Baada ya Kilwa, kusi ilimrudisha Uarabuni, na katika pwani ya Oman, karibu na Qalhat, akaingia kijiji alichokiita Tibi, ambacho ndicho Tiwi ya Oman. Akakisifu kwa vijito vyake, miti yake na ndizi zake, kwamba ni miongoni mwa vijiji vizuri alivyopata kuviona. Tiwi ile imo katika kitabu chake cha safari. Tiwi hii haimo.

Silitaji hilo kwa kinyongo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi kumbukumbu ya dunia inavyojengwa: upepo ulivumia wapi, jahazi lilitia nanga bandari gani, mwenye kalamu alikuwa macho saa ngapi. Kutoandikwa si ushahidi wa kutokuwa na thamani. Kwenye mdomo wa mto Mwachema, mpakani mwa Tiwi na Diani, umesimama Msikiti wa Kongo chini ya mibuyu, wa mawe ya matumbawe na chokaa, na bado unasaliwa. Walioujenga walijua kazi yao, na majina yao hatunayo.

Sasa tuje kwenye usiku ule mmoja wa Mombasa, kwa maana ndipo moyo wa jambo hili ulipo. Usiku mmoja ni muda mfupi. Mtu anaweza kulala mji mmoja usiku mmoja leo na asikumbuke ila bei ya chumba. Ibn Battuta alikumbuka zambarau, akaziandika kwa jina la jammun: tunda lifananalo na zeituni, lenye kokwa kama yake, ila ni tamu sana. Alikumbuka kwamba watu walikula ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka nje. Alikumbuka kuwa ni watu wa dini, waaminifu, na misikiti yao ni ya mbao zilizojengwa kwa ufundi. Kisha akakumbuka vitu ambavyo msafiri mwenye haraka huvipita. Mlangoni mwa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, si virefu. Maji huchotwa kwa chombo cha mbao kilichotiwa kijiti chembamba. Pale kisimani pamesawazishwa vizuri. Anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, na mlangoni pamewekwa kipande cha mkeka mgumu wa kufutia nyayo.

Kitabu chake hakukiandika Mombasa. Alikisimulia huko Fez, kwa amri ya sultani wa Moroko, na karani wake Ibn Juzayy akakiandika; usimulizi ulimalizika mwaka 1355. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20. Kati yake na usiku ule palikuwa na enzi ya Delhi, ambako alifanywa kadhi. Palikuwa na kuzama kwa jahazi, kuporwa, na tauni kubwa iliyowaua watu wasiohesabika. Baada ya yote hayo, bado alikuwa na mkeka wa mlangoni.

Nani aliusuka? Nani alikata kile kijiti na kukitia kwenye chombo, ili mgeni asilazimike kuinama hadi chini? Mtu fulani alifikiria miguu ya watu asiowajua. Alisawazisha pale mahali ili maji yasifanye tope, akaweka mkeka, akaenda zake. Hakungoja kushukuriwa, na hakuwa na njia ya kujua kwamba kati ya waliojifuta nyayo siku moja alikuwemo mtu ambaye kumbukumbu yake ingebebwa hadi Fez, na jina lake hadi mwezini. Mimi naamini sehemu ya kasoko ile ni ya mtu huyo. Ibn Battuta alistahili jina kwa kutazama vizuri, lakini mtazamaji huhitaji kitu chenye kustahili kutazamwa.

Wakazi wa Tiwi wanaelewa habari ya kisima kuliko wengi. Maji matamu yaliyo chini ya ardhi hii huvutwa na kupelekwa Diani na Likoni, na kuna nyumba nyingi za watu wasiowahi kufika Tiwi ambamo chai ya asubuhi hupikwa kwa maji ya Tiwi. Kumpa maji mtu usiyemjua ni desturi ya zamani ya pwani hii. Mtungi barazani, kata juu yake, mpita njia hunywa bila kupiga hodi.

Lakini sitaki kuyapamba mambo ya kale. Safari ile ile ina habari nyingine, ya Kilwa, ambayo kila niisomapo hunifurahisha na kuniumiza kwa pamoja. Sultani wa Kilwa, Hasan, alikuwa maarufu kwa ukarimu, hata watu wakamwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Siku ya Ijumaa, akitoka kusali, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi msikitini, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu wake. Kisha mwanawe, mrithi wa kiti, akazikomboa nguo zile kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru fakiri aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wengi wetu tunapoisimulia habari hii kwa watoto, tunaishia kwenye nguo. Tunapaswa kufika hadi kwenye watumwa. Watu ishirini walitolewa kama mtu atoavyo vitambaa, ndani ya hadithi ya ukarimu, na aliyeiandika hakuona haja ya kusimama hapo. Kila mmoja wao aliitwa jina na mama yake. Sisi wa Kwale hatuna ruhusa ya kulipita jambo hili haraka, maana tukishuka kusini hadi Shimoni tunalikuta pango ambalo wazee wa huko husimulia kuwa watumwa walifungwa humo wakingoja kusafirishwa. Ukarimu wa Hasan ulikuwa wa kweli kwa yule fakiri. Kwa wale ishirini ulikuwa nini? Siwezi kumpenda sultani yule bila kuuliza swali hili, na siwezi kumpenda Ibn Battuta kama mtu asiye na doa, ingawa nampenda.

Mwezini pia yuko Vasco da Gama. Kasoko yake iko kwenye ukingo wa magharibi wa mwezi, na upana wake unazidi kilomita 80, mkubwa mara nyingi kuliko ule wa kasoko ya Ibn Battuta. Alipita mbele ya pwani hii mwaka 1498, akapata Malindi rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mwaka 1502 alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Wanaastronomia walimpa shimo kwa sababu ya njia aliyoifungua, na hilo wanaweza kulitetea. Mimi nasema tu kwamba ukubwa wa shimo hauniambii kitu. Mmoja alikuja akaosha miguu kisimani kama wenyeji. Mwingine alikuja akidai. Mtoto wa Tiwi anayefundishwa majina hayo mawili anapaswa kufundishwa na tofauti hiyo, siku hiyo hiyo.

Huku kwetu mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na kwa kumwita mtoto tunamwita na aliyetutangulia. Jina halipotei mpaka ukoo ukatike. Hilo ndilo lililokatwa kwa wale watu ishirini wa Kilwa: si uhuru wao tu, bali na nafasi ya kuitwa tena na wajukuu wanaojua wanamwita nani.

Katika masharti ya wanaastronomia nimekuta kifungu kimoja ambacho kimenishika. Kasoko ndogo kabisa za mwezi, ambazo ni ndogo mno kubeba jina la mwanazuoni, huweza kupewa majina ya kawaida ya watu, ya kike na ya kiume, kutoka lugha mbalimbali, bila kumkusudia mtu yeyote maalumu. Waliotunga kifungu hicho walitaka tu kurahisisha ramani. Mimi nakisoma kama mlango ulioachwa wazi. Ningependa kuona humo majina ya pwani hii ya Wadigo na Waswahili: Mwanamisi, Mwanakombo, Mejumaa, Bakari, Mwinyi. Ombi kama hilo linaweza kuandikwa na walimu na wanafunzi wa shule zetu kwa kushirikiana na wanaastronomia wa vyuo vikuu vya Kenya, na wala halihitaji fedha. Kwenye vitabu vya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia itaandikwa kwamba Mwanamisi ni jina la kike tu, la kutoka Kenya. Walioliomba watajua zaidi ya hapo, na wakiulizwa ni Mwanamisi yupi, wataanza kusimulia habari ya nguo ya sultani, na hawataishia kwenye nguo.