Baraka kwa Ngozi ya Mwingine

Somo: Mwanzo 27:15-29, Mwanzo 32:24-30



Mwaka jana tulimzika dada yangu mkubwa huko kwake, upande wa Rongo. Siku tatu kabla ya mazishi, kamati ilitaka picha ya kuweka kwa programu, na ile kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza. Binti yake akafungua simu ya marehemu. Picha zilikuwa nyingi, karibu zote amejipiga mwenyewe, na kila moja ilikuwa imepitishwa kwa filta. Ngozi imekuwa rangi ya embe bivu, pua imechongoka, na lile kovu la juu ya jicho, alilopata tukiwa watoto alipoanguka akitoka mtoni na maji, halipo kabisa. Tukampa Mama simu achague. Akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akamuuliza mjukuu wake kwa upole, "Huyu ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Mwishowe tulichukua kitambulisho chake, kijana mmoja wa kuchapa akaikuza ile picha ndogo. Ilitoka na ukungu, haina rangi, dada yangu hacheki. Lakini kovu lilikuwepo.

Tangu siku hiyo swali la Mama halijaniacha. Ningeweza kusema tu filta ni dhambi, tukasema amina, tukaenda nyumbani. Lakini sidhani ni rahisi hivyo. Wazazi wetu walipoenda studio waliazima koti na saa, wakasimama mbele ya pazia lenye maua ambayo hayajawahi kuota kwao. Sisi sote tunachana nywele kabla ya kuja ibada. (Na wale wa kwaya tunajua mnachukua muda gani.) Kujipamba si kudanganya. Sasa mpaka uko wapi?

Mimi nauona kwa Yakobo. Alivaa nguo za kaka yake na ngozi za wana-mbuzi mikononi, akaingia kwa baba yake kipofu. Alipoulizwa yeye ni nani, akataja jina la Esau. Baraka akapata, tena nzito. Lakini angalia kilichofuata: akatoroka nyumbani, akakaa miaka mingi kwa mjomba akimwogopa yule ambaye ngozi yake alikuwa ameiazima. Baba alikuwa amembusu mtu mwingine. Ndivyo ilivyo na ile picha. Ukiposti, watu mia wakakusifu, sifa zinatua kwa uso usio wako. Wewe uliyebaki nyuma ya simu bado una njaa, ndiyo maana kesho unaposti tena. Koti la studio liliacha uso wako ndani ya picha. Filta inauondoa uso na kuliacha koti.

Nani alitufundisha kwamba uso mweupe ndio uso? Si wazee wetu. Kwao uzuri na ujaluo ulikuwa kung'oa meno sita ya chini, na kijana aliyebaki na meno yote alichekwa. Leo mwenye pengo anafunika mdomo. Kila kizazi kinaapa kwamba kipimo chake ndicho. Na hiki chetu hakiishii kwa simu: kuna krimu za kujichubua zenye zebaki, ileile wachimbaji wetu wa Macalder na Osiri wanayonasia dhahabu, na inaharibu figo.

Mnamjua Lupita Nyong'o, binti yetu wa Nyanza aliyezaliwa Mexico 1983 na kushinda tuzo ya Oscar 2014. Mwaka huohuo alisimama mbele ya wanawake weusi kule Marekani akasimulia jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu usiku aamke na ngozi nyeupe. Alimwahidi hata kuacha kuiba vipande vya sukari! Kila asubuhi alikimbilia kioo, akajikuta vilevile. Baadaye alipomwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi tititi mzaliwa wa Sudan Kusini, akisifiwa duniani, ndipo akaanza kujiona. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto kuhusu msichana mweusi, akakiita Sulwe, yaani nyota.

Hapo mimi husimama. Sisi tunashuhudia maombi yaliyojibiwa: kazi, viza, mtoto. Nani amewahi kushika maiki akashuhudia ombi ambalo Mungu, kwa huruma, alilikataa? Tena hata baada ya tuzo vita havikuisha. Mwaka 2017 gazeti moja la Uingereza lilimweka jalada la mbele, nywele zake zikiwa zimefutwa kwa kompyuta, na ikabidi aseme wazi kwamba hakukubali.

Kuna namna nyingine ya mtu kutoa picha yake mwenyewe. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alijichora mara nyingi sana, tangu ujana mpaka mashavu yakalegea, na hakuyaficha. Na mnamo 1633 hivi alichora msalaba wa Bwana ukiinuliwa. Ukiangalia wale wanaouinua, mmoja wao ana uso wa Rembrandt mwenyewe. Hakujiweka pembeni na Yohana, akilia. Alijiweka pale alipoamini yuko. Nikiulizwa, ile ni sala.

Yakobo naye alifika Yaboki usiku, peke yake, bila ngozi ya mbuzi. Akang'ang'ania abarikiwe, akaulizwa swali lilelile la zamani kwa namna nyingine: jina lako nani? Safari hii akasema Yakobo. Jina lenye aibu yake yote. Akabarikiwa palepale, akaondoka akichechemea.

Jioni baada ya mazishi, wageni wakiwa wameanza kutoka, Mama aliniita pale chini ya mwembe. "Nyathina, leta simu yako. Nipige picha moja, uweke mahali mtaiona." Nikamwambia angoje nimletee ile leso mpya. Akakataa. Nilipoinua simu akacheka, midomo wazi, na pengo la meno sita likaonekana lote.