Uzuri wa Mkakasi: Kisa cha Farasi Impressive

Mwaka 1969 alizaliwa Marekani farasi dume aliyepewa jina la Impressive. Alikuwa wa aina ya Quarter, farasi wanaosifika kwa mbio fupi za robo maili. Alipokua, misuli ilimjaa kifuani na mapajani kama aliyechongwa. Mwaka 1974 akatwaa ubingwa wa dunia katika maonyesho ambayo farasi hapandwi wala hakimbizwi. Huongozwa kwa kamba mbele ya waamuzi, nao humtazama umbo tu.

Tangu hapo kila mfugaji alitaka damu yake. Chama kinachosajili farasi wa Quarter kinaruhusu uhimilishaji, jambo ambalo wasajili wa farasi wa mbio aina ya Thoroughbred hawalikubali hadi leo. Hivyo watoto wa Impressive wakapita 2,000, na wajukuu wakawa hawahesabiki kwa urahisi.

Ndipo wenye farasi walipoanza kuona mambo. Farasi mnene, anayeng'aa, ametoka kula majani ya lusani. Ghafla ngozi ya ubavuni inachezacheza, jasho linamtoka, miguu ya nyuma inalegea, anakaa kitako kama mbwa, kisha anaanguka. Wengine waliinuka baadaye wakala kama kawaida. Wengine hawakuinuka tena.

Mwaka 1992 wanasayansi walitangaza chanzo cha ugonjwa huo: kasoro ya jeni inayovuruga misuli pale potasiamu inapozidi katika damu, na lusani imejaa potasiamu. Farasi waliougua, nasaba zao zilirudi kwa babu mmoja, Impressive. Kitabu cha nasaba cha chama kilichomtangaza ndicho kilichomfichua.

Dawa ya tatizo ilikuwa wazi, kupima na kutozalisha wenye kasoro, kwani kipimo kilishapatikana. Lakini damu ile bado ilileta vikombe na fedha, na mikono ikawa mizito. Ilifika mwaka 2007 ndipo chama kikaacha kuandikisha watoto waliorithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Aliyeirithi upande mmoja tu bado anaandikishwa, ingawa naye anaweza kuugua, na akizalisha, nusu ya watoto wake hutarajiwa kuirithi.

Kwingine mlango ni mwembamba zaidi. Ujerumani, dume wa aina ya Hannover hakubaliwi kwa ubora wa baba yake pekee. Hukaguliwa na kamati, kisha hujaribiwa kazini, ndipo akubaliwe kuzalisha. Ukaguzi huo nao hauoni jeni kwa macho, lakini angalau unamtaka farasi afanye jambo zaidi ya kusimama apendeze.

Funzo ni hili. Kitabu cha nasaba hujibu swali moja: huyu ni mwana wa nani? Hakijibu kama ni mzima. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Impressive hakuwa na kosa. Kosa ni la waliopenda umbo, wakaongeza damu yake mwaka hadi mwaka, kisha wakachelewa kuifunga njia walipojua.

Ewe mfugaji, awe farasi, ng'ombe au mbuzi, usinunue jina. Kabla ya kumpandisha jike wako, dai cheti cha vipimo vya dume. Mwenye dume akikataa kukuonyesha, mshukuru, uondoke.