Deni la Rupia Tatu Mia

Wamenijia ndugu wawili wa Lamu na suala, nami nimeona nilijibu kwa kupiga chapa, kwani nyumba zenye suala hili katika Mwambao si moja.

Katika kasha la babu yao wamekuta hati kwa herufi za Kiarabu, ya mwezi wa Rajabu 1332, ndio 1914 kwa hesabu ya Kizungu. Babu alikopa rupia 300 kwa mfanyi biashara wa Unguja, na chini yake ameandika kwa mkono wake kuwa hakulipa, na walio nyuma yake wamlipie. Warithi wa mwia wako Pemba. Ndugu hawa wataka kumfungua babu yao, kwani wajua ya kuwa roho ya muumini hufungika kwa deni lake. Lakini walipe nini? Mmoja asema shilingi 450. Wa pili asema 600. Na shilingi hizo leo, ewe msomaji, hazinunui zaidi ya kitoweo cha siku moja au mbili, hali rupia 300 zamani zile zilikuwa mali ya mtu.

Hesabu zao hawakuzizua. Mwaka 1914 rupia ya Hindi ndiyo sarafu ya Unguja na ya Mwambao pia, na rupia 15 ni pauni moja ya Kiingereza. Vita vilipokwisha, madini ya fedha yakapanda bei, na rupia ikapanda pamoja nayo hata ikapita shilingi mbili za Kiingereza. Mwaka 1920 Serikali ikaikaza hapo katika Kenya na Uganda, rupia 10 kwa pauni, ikatoa florini mahali pa rupia. Basi aliyekuwa na deni la rupia 300, jana lilikuwa pauni 20, leo likawa pauni 30, na mwia hakuongeza hata kibaba. Mwaka 1921 rupia ya Hindi ikaanguka, ikarudi kiasi cha 15 kwa pauni, lakini florini ikabaki juu palepale. Kwa hiyo Lamu na Unguja, ambazo jahazi huenda na kurudi baina yao, zikawa na sarafu mbili mbalimbali ambazo asili yake ni moja. (Na waajiri wa Kizungu katika Kenya, mwaka huohuo, wakaafikiana kupunguza ujira wa vibarua kwa thuluthi. Mwenye nguvu hakosi njia ya kujipoza.)

Kisha ikaja shilingi, mbili kwa florini, na hapo ndipo zitokapo zile 600. Unguja na Pemba zikakaa na rupia mpaka 1936, zikabadilishiwa rupia moja kwa shilingi moja na nusu, ndizo hizo 450. Hukumu hii ya pili sioni dhuluma ndani yake, kwani tangu 1927 bei ya rupia ilikuwa hiyohiyo. Lakini ile ya 1920, tazama ndani ya sarafu yenyewe. Rupia ya Hindi ina uzito wa tola moja, na katika sehemu 12, sehemu 11 ni fedha safi. Florini ilikuwa na uzito uleule, na fedha safi ni nusu yake tu. Shilingi ya 1921, robo tu ndiyo fedha. Jina likapanda, madini yakashuka.

Sasa turejee kwa maulamaa. Imamu wetu Shafi, Mwenyezi Mungu amridhie, ameeleza katika Al-Umm ya kuwa aliyekopesha fulusi au dirhamu kisha Sultani akazibatilisha, haki yake ni mfano wa zile alizozitoa. Suyuti, aliyefariki 911, aliandika risala nzima katika mlango huu, akafuata njia hiyo. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema italipwa thamani ya siku ya mapatano. Nami najua warithi wa Pemba wakisikia kauli hii wataipenda, kwani pauni 20 za 1914 ni dhahabu safi gramu 146, nayo leo ni mali nyingi. Lakini anayeishika na aisome mpaka mwisho: maneno hayo ni ya fulusi na sarafu za ghushi nyingi. Dirhamu ambazo fedha ndiyo iliyozidi ndani yake, hata Mahanafi hawaoni ila mfano wake. Na mtu achaguaye madhehebu kwa kutazama ipi itamtia mali mfukoni, huyo amekwisha kuacha kuuliza dini.

Nimewajibu hivi. Mnadaiwa rupia 300 za Hindi za fedha, wala hamdaiwi florini wala shilingi. Mwaka 1920 hukumu hii ingemlinda babu yenu na yule atakaye pauni 30 kwa 20. Leo yawalinda watu wa Pemba nanyi mtakao kuwapa bei ya kitoweo. Rupia hizo zingali kwa masonara na katika masanduku ya kina bibi. Zikikosekana, fedha safi iliyomo ni gramu 3,207, kilo tatu na kidogo. Basi ulizeni thamani yake siku mtakayolipa. Mkilipa kwa shilingi iwe kwa bei ya siku hiyo, mkono kwa mkono, msiachane na baki baina yenu, kama Ibn Umar alivyofundishwa na Mtume alipouza ngamia kwa dinari akapokea dirhamu. Warithi wa mwia wakisamehe, ni sadaka yao. Ninyi mkizidisha pasipo sharti, ni wema wa kulipa.

Mkubwa wao aliniuliza kama waweza kulipa kwa mafungu. Nimemwambia wenye idhini ni wa Pemba. Nimewaandikia, na jawabu lao halijanifikia.